Foleti, Mchicha na Saratani ya Tumbo

Mwaka 1931 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alichapisha matokeo ya kazi yake mjini Bombay, India. Wajawazito maskini, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walikuwa wakiugua upungufu mkali wa damu. Aliwapa dondoo ya hamira, wakapata nafuu. Miaka 10 baadaye wanasayansi wa Marekani waliipata foleti, yaani vitamini B9, katika majani ya spinachi, na ikaja kubainika kuwa ndiyo iliyowaponya wanawake wale.

Wengi wetu tunaijua foleti kupitia vidonge vya kuongeza damu ambavyo wajawazito hupewa kliniki. Lakini upungufu wake unahusishwa pia na saratani, ikiwemo ya tumbo, na sababu iko ndani ya seli.

Kila seli inapotaka kugawanyika, sharti inakili DNA yake, inayoandikwa kwa herufi nne za kikemikali. Mojawapo, thaimini, hutengenezwa kutokana na kemikali iitwayo urasili kwa msaada wa foleti. Foleti ikipungua, thaimini huadimika, na urasili huingia mahali pasipo pake. Vimeng'enya vya ukarabati huja kuikata na kuitoa, lakini kwa kuwa thaimini bado haitoshi, urasili hurudi palepale na kukatwa tena. Mikato miwili ikitokea karibukaribu kwenye nyuzi zote mbili, DNA huvunjika. Utando wa ndani wa tumbo hujitengeneza upya kila baada ya siku chache, kwa hiyo nafasi za kosa hilo kutokea ni nyingi.

Hata hivyo, mshukiwa mkuu wa saratani ya tumbo ni bakteria Helicobacter pylori, aliyewapatia Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyu huwasha utando kwa miaka mingi, ukachakaa, seli zikabadilika umbo, na kwa watu wachache mwisho wake ukawa saratani. Seli zinazolazimika kugawanyika mfululizo ili kuziba majeraha hayo zinahitaji foleti hasa, na hapo ndipo upungufu unapoweza kuongeza madhara.

Je, ushahidi kwa binadamu unasemaje? Haujatulia. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliopima foleti katika damu haukuona kwamba wenye kiwango cha chini walipata saratani ya tumbo zaidi. Tatizo jingine ni kwamba anayekula mboga za majani kwa wingi mara nyingi hula pia matunda mengi na havuti sigara, hivyo ni vigumu kujua kilichomkinga ni kipi.

Tena foleti haichagui seli. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alieleza jinsi watoto wenye saratani ya damu walivyopata nafuu ya muda kwa aminopterini, dawa inayozuia kazi ya foleti. Hadi leo fluorouracil, mojawapo ya dawa za saratani ya tumbo, hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa thaimini. Seli ya saratani nayo hugawanyika, nayo huihitaji foleti.

Kwa hiyo kinga ianzie jikoni, si kwenye vidonge. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 400 kwa siku, na maharage, kunde, mchicha, maini na parachichi vinayo. Foleti huyeyuka katika maji: spinachi ikichemshwa hupoteza karibu nusu. Pika mboga kwa maji kidogo, kwa muda mfupi, na supu yake usiimwage.

Vidonge vitumiwe kwa ushauri wa daktari. Mjamzito asiache vyake, kwani humkinga mtoto dhidi ya kasoro za uti wa mgongo. Lakini mzee ambaye tumbo lake limechakaa huenda hafyonzi vitamini B12. Foleti ya vidonge itamrudishia damu huku mishipa yake ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya.

Na mwenye maumivu ya tumbo yasiyoisha, anayekonda bila sababu au kupata choo cheusi kama lami, asijitibu kwa vitamini. Apimwe bakteria Helicobacter pylori na, daktari akiona inafaa, apigwe kamera ya tumbo. Saratani hii ikigunduliwa mapema hutibika, na hakuna kidonge cha foleti kinachoweza kuchukua nafasi ya vipimo hivyo.