Sukari ya Damu Mgonjwa Arudipo Nyumbani

Mgonjwa wa kisukari aliyelazwa hospitali kwa sababu ya kidonda cha mguu huweza kuruhusiwa kurudi nyumbani na kiasi cha insulini kilichomfaa sana wodini, na baada ya majuma machache kiasi hicho hicho kikamwangusha shambani. Jamaa zake hudhani ugonjwa umezidi, kumbe sukari imepungua mno.

Wakati wa maambukizo mwili hutoa kwa wingi homoni za adrenalini na kotisoli. Homoni hizi hulifanya ini limimine glukosi katika damu, tena huizuia insulini isifanye kazi yake barabara. Ndiyo maana daktari hulazimika kuiongeza. Kidonda kinapopona upinzani huo hupungua, lakini sindano hubaki ile ile. Aidha, wodini mgonjwa hulala kitandani na kula kwa saa maalumu. Nyumbani hushika jembe, na pengine chakula cha mchana hukawia hadi alasiri. Misuli inayofanya kazi huvuta glukosi kutoka katika damu hata pasipo insulini nyingi, na huendelea kuivuta kwa saa kadhaa baada ya jembe kuwekwa chini. Hivyo hatari huweza kutokea usiku, mgonjwa akiwa usingizini.

Sukari ikishuka chini ya milimoli 4 katika lita moja ya damu, yaani kama miligramu 70 katika mililita 100, ubongo huanza kukosa chakula chake. Mgonjwa hutetemeka, hutokwa na jasho, kisha hupayuka. (Si haba waliodhaniwa kuwa wamelewa.) Akiwa bado aweza kumeza, apewe vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari iliyokorogwa katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, ndipo ale chakula. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu, kwani huweza kuingia mapafuni. Alazwe kiubavu na apelekwe hospitali upesi.

Hata hivyo, kuacha sindano kwa hofu ni hatari nyingine: mtu ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa huunguza mafuta mwilini hadi damu ikajaa asidi, naye huweza kufa kwa siku chache. Inafaa arudi kliniki mapema, akiwa na daftari la vipimo vya asubuhi na vya kabla ya kulala, pamoja na saa alizokula na alizolima. Daktari hupunguza insulini kwa kulifuata daftari hilo.