Amana ya Vigae: Upekuzi wa Bure, Ripoti ya Kulipia au Mkaguzi?

Muuzaji wa Foshan ameshakutumia proforma kwa WhatsApp. Kontena moja la futi 20 la vigae, tuseme dola 9,000: asilimia 30 ulipe sasa, asilimia 70 ukishaona nakala ya hati ya shehena. Ndiyo masharti yaliyozoeleka ukinunua China. Maana yake kesho asubuhi uende benki ukatume TT ya dola 2,700 kwa mtu ambaye hujawahi kumtia machoni. Picha za kiwanda zinang'aa, na dada wa mauzo anakuita "rafiki yangu" kila baada ya sentensi mbili.

Kazi ya kumchunguza mtu kama huyu kwa taarifa zilizo wazi kwa umma imepewa jina la kijasusi, na wapo wanaoiuza kwa bei ya kijasusi. Swali la mwenye duka ni dogo zaidi: lipi nilifanye mwenyewe kwa bando la leo, na lipi nilitolee pesa?

Anza na leseni ya biashara. Omba picha yake. Kampuni halali ya China huwa imeitundika ukutani, kwa hiyo muuzaji anayezungusha maneno kuitoa ameshakujibu. Humo kuna namba ya herufi na tarakimu 18, na ukijua kuisoma inaongea. Za kampuni huanza na 91. Zinazofuata ni za mahali ilipoandikishwa: 44 ni jimbo la Guangdong, ambamo 4406 ni Foshan yenyewe, na 33 ni Zhejiang, iliko Yiwu. Anayejiita kiwanda cha Foshan huku namba yake ikianza na 9133 anadaiwa maelezo. Huenda anayo, au huenda ni mtu wa kati anayechukua vigae kwa mwingine. Tena namba hizi hazitumii kabisa herufi I, O, S, V wala Z. Ukikuta S au Z katikati, karatasi hiyo imetengenezwa na mtu mwenye kompyuta na haraka.

Namba hiyo unaiingiza kwenye daftari la serikali ya China, gsxt.gov.cn. Ni bure. Ubaya wake ni kwamba limeandikwa Kichina na kutoka huku mara nyingine linagoma kufunguka. Jaribu tena usiku, na tumia tafsiri ya kamera ya simu. Tafuta vitu vitatu: tarehe ya kuandikishwa, hali ya kampuni, na shughuli ilizosajiliwa kufanya. Kampuni inayosema ina miaka 15 sokoni ikaonekana imeandikishwa mwaka jana, hesabu imekataa. Na kama shughuli zake ni mauzo ya jumla tu bila uzalishaji, hicho si kiwanda. Kununua kwa mtu wa kati si kosa. Kosa ni kulipa bei yake ukidhani umesimama mlangoni mwa tanuri.

Mtaji uliosajiliwa usikutishe wala usikuleweshe. Kwa miaka mingi kampuni ya China iliweza kuandika mamilioni ya yuan kama ahadi tu, bila muda maalumu wa kuyalipa. Sheria iliyoanza kutumika Julai 1, 2024 ndiyo iliyoweka ukomo wa miaka 5.

Kisha chukua jina la Kichina lililo kwenye leseni, maana hilo ndilo jina la kisheria. Lile la Kiingereza kwenye proforma mtu anaweza kujipachika tu. Lilinganishe na jina la akaunti ya benki. Akaunti ya mtu binafsi, acha. Akaunti ya Hong Kong ina utata kidogo, kwa sababu kampuni nyingi halali hupokea dola kupitia kampuni dada iliyoko huko. Basi iulizie kwenye msajili wa Hong Kong, ambako kutafuta jina ni bure na nyaraka hutozwa ada ndogo.

Yanayobaki ni ya dakika kumi. Pitisha picha za kiwanda kwenye Google au TinEye uone kama wauzaji wengine sita wanazo zilezile. Angalia umri wa anwani ya tovuti kwenye ukurasa wa ICANN: jina la mwenyewe siku hizi mara nyingi limefichwa, lakini tarehe ya kusajiliwa bado inaonekana. Jinsi tovuti ilivyokuwa zamani utaona kwenye hazina ya Internet Archive.

Gharama ya yote hayo ni saa mbili, labda tatu kwa anayeanza.

Sasa ya kulipia, na hapa ndipo watu wanapopigwa. Kuna ripoti za kampuni zinazouzwa mtandaoni, na si zote zenye thamani. Kabla ya kutoa hata dola, uliza ndani mna nini. Ukiambiwa mna namba ya usajili, anwani, mkurugenzi na mtaji, unauziwa daftari lile lile la bure likiwa limetafsiriwa na kupigwa nembo. Tafsiri ina thamani yake, sikatai, lakini haifikii bei ya ripoti. Ripoti ya kununua ni yenye kesi za mahakamani, madeni, na mtu aliyefika kwenye anwani akapiga picha.

Alama za Alibaba nazo zinachanganya wengi. Ile ya dhahabu ni uanachama ambao muuzaji anaulipia. Haikuambii lolote kuhusu vigae vyake. Ile ya muuzaji aliyehakikiwa ina uzito zaidi, kwa kuwa kuna kampuni ya nje iliyokwenda kumkagua. Ulinzi wa malipo wa Trade Assurance ni mzuri kwa mwenye mtaji mdogo, ila unafanya kazi pale tu agizo na malipo yanapopitia humo humo. Muuzaji akikuomba mtoke nje "ili kuokoa ada", anayeokolewa ni yeye.

Jamaa aliyeko Guangzhou ni chaguo la tatu, na wengi ndiko tunakokimbilia. Anajua lugha, anaweza kupanda basi akaenda. Muulize tu, kabla hajaondoka, kama kiwanda kitampa chochote. Wakala anayekula kamisheni pande mbili hawezi kukuletea habari mbaya.

Chaguo la nne ni mkaguzi wa kukodi kutoka kampuni ya ukaguzi. Bei huwa kati ya dola 200 na 350 kwa siku moja ya mtu mmoja. Kwa mzigo wetu wa dola 9,000, dola 300 ni kama asilimia 3. Kwa sampuli za dola 600 ni nusu ya mzigo, na hapo hesabu haikubali. Tumia malipo yenye ulinzi ukalale. Lakini wengi wanaomlipa mkaguzi wanamtuma mapema mno, kabla ya amana, aende kuthibitisha kwamba kiwanda kipo. Swali hilo daftari la bure linakaribia kulijibu. Mimi ningemtuma siku vigae vimeshafungwa, kabla ya kulipa zile dola 6,300 zilizobaki, afungue makasha anayochagua yeye, apime unene, alinganishe rangi na kipande ulichokikubali. Usimchanganye na ukaguzi wa PVoC wa TBS, shirika la viwango la Tanzania: ule unaangalia viwango, haujali kama uliagiza kijivu ukapewa maziwa.

Ukinunua kwa muagizaji wa huku nyumbani, kazi ni nyepesi. Tanzania kuna BRELA, msajili wa kampuni. Kenya, hati ya CR12 ya kuonyesha wakurugenzi na wenye hisa huombwa kupitia eCitizen kwa takriban shilingi 650. Na ukiwa na mshirika wa Uingereza, unampekua bure kabisa kwenye Companies House, hesabu zake za mwaka zikiwamo. Hukumu za mahakama ziko bure kwenye TanzLII na Kenya Law. Andika jina la kampuni uone nani aliishtaki kwa deni gani. Ni wachache wanaofungua kurasa hizo, na sijui kwa nini. Chunguza kampuni, lakini usigeuke kuwa mpekuzi wa maisha ya watu: sheria ya kulinda taarifa binafsi imeanza kazi Tanzania tangu Mei 1, 2023, na Kenya inayo yake ya mwaka 2019.

Kwa kontena moja la vigae, basi, mimi nisingenunua ripoti. Saa tatu za upekuzi kabla ya amana, dola 300 za mkaguzi kabla ya salio.

Kuna wizi mmoja ambao hakuna daftari wala mkaguzi atakayeuona. Muuzaji ni wa kweli, vigae vipo, kisha inaingia barua pepe kwamba akaunti imebadilika. Usiijibu. Mpigie dada wa mauzo simu ya video, kwa namba ile uliyoanza nayo, akusomee namba ya akaunti kwa mdomo wake.