Bafle ya iPod ya okazio: ya kununua ao ya kuacha?

Kati ya vyombo vya okazio vyenye kutoka Ulaya na Marekani, kuna aina moja ya bafle yenye inashangaza mutu mwenye kuiona mara ya kwanza. Ni sanduku zuri, zito, lenye kitako kidogo mbele, na katikati ya kitako kunasimama ulimi mwembamba wa chuma. Haina kioo, haina mahali pa kuingiza flashi, na mara nyingi haina redio. Lakini jina lenye kuandikwa juu yake ni kubwa: Bose, Apple, ao Bowers & Wilkins. Bei ikiwa ndogo, mwenye kupenda muziki anajiuliza kama amepata bahati ao anaingia katika mutego.

Habari yote iko katika ule ulimi. Ulitengenezwa kwa ajili ya iPod, mashine ndogo ya muziki yenye kampuni ya Apple ilitangaza mwezi wa 10 mwaka wa 2001. Kuanzia mwaka wa 2003, karibu iPod zote zilikuwa na shimo pana chini yake, lenye vipini 30. Kupitia shimo hilo umeme uliingia na muziki ulitoka. Mwaka wa 2004 Bose ilileta SoundDock kwa bei ya dola 299. Mutu alisimamisha iPod yake juu ya kitako, wimbo ukaanza, na betri ikajaa wakati ule ule. Hakukuwa na nyuzi za kuunganisha, na mwenye nyumba alibadilisha wimbo kwa rimoti akiwa amekaa kwenye kiti. Mpaka mwezi wa 4 mwaka wa 2007 Apple ilikuwa imekwisha kuuza iPod milioni 100, kwa hiyo haishangazi kwamba kila mutengenezaji wa bafle alitaka kuwa na kitako chake.

Kuhusu sauti, vyombo hivi havikuwa mchezo. Kwenye shimo la vipini 30, muziki ulitoka mbele ya kupita katika mutambo mudogo wa iPod wenye kusukuma sauti ya masikioni. Bafle ilipokea muziki safi, kisha ikaukuza yenyewe kwa nguvu ya umeme wa ukutani. Ndiyo sababu SoundDock ya zamani, kama ingali nzima, inaweza kujaza chumba cha kuzungumuzia bila kukwaruza, wakati bafle ndogo za betri zenye bei sawa zinaanza kulia ovyo mutu akiongeza sauti. Uzito wa sanduku ni sehemu ya kazi hiyo: mbao ao plastiki nene haitetemeke pamoja na besi.

Hata hivyo, hata wakati wao, vilikuwa na ukosefu. Vinywa vyote viwili vya sauti viko ndani ya sanduku moja, karibu karibu, na hivyo gitaa la kushoto na lile la kuume yanasikika kama yanatoka mahali pamoja. Kwa mutu wa rumba, mwenye kufurahia kusikia magitaa mawili yakijibizana, hiyo si hasara ndogo. Kwa pesa ile ile alikuwa anaweza kununua ampli ya kawaida na bafle mbili za kutenganisha.

Apple yenyewe ilijaribu. Tarehe 28 mwezi wa 2 mwaka wa 2006, Steve Jobs alionyesha iPod Hi-Fi, ya dola 349. Ilikuwa na kilo karibu 7, na ilikubali majiwe makubwa 6 ya redio kwa mutu mwenye kutaka kuipeleka inje. Lakini kwa bei hiyo haikuwa hata na redio. Mwezi wa 9 mwaka wa 2007, kampuni ikaacha kuiuza.

Pigo kubwa lilikuja mwaka wa 2012. Apple ilitoa iPhone 5 yenye shimo jipya, dogo, kwa jina la Lightning, na ndimi zote za vipini 30 zikabaki bila mwenzake. Kichwa cha kuunganisha ya zamani na mupya kiliuzwa dola 29. Na hata mbele ya hapo, mwaka wa 2008, njia ya kupokea umeme ilikuwa imekwisha kubadilishwa: iPhone 3G iliweza kuimba juu ya bafle nyingi za kwanza lakini betri yake haikuchajiwa. Tarehe 10 mwezi wa 5 mwaka wa 2022 Apple ilitangaza mwisho wa iPod. Mwaka uliofuata iPhone 15 ikaacha hata Lightning, ikachukua USB-C. Bafle haikuharibika siku yoyote kati ya hizo. Ni shimo tu lilibadilika, na aliyelipa dola 299 hakuulizwa.

Kwa mukaaji wa Goma, Bukavu ao Butembo, mambo yanakuwa magumu zaidi. Nyimbo zake ziko katika telefone ya Android ao katika kadi ya memori yenye kijana fulani wa barabarani alimujazia. iPod haikubali kadi. Inataka ordinateri na programu ya iTunes mbele ya kupokea wimbo hata mumoja. Umeme ukikatika, bafle nyingi za aina hii zinanyamaza pale pale, wakati bafle ndogo ya Bluetooth inaendelea masaa kadhaa, na nyingi kati ya hizo zina redio FM. Katika eneo lenye watu wanalala na kuamuka na habari za redio, kukosa FM ni jambo la kufikiria.

Kwa hiyo ile yenye ulimi peke yake, bila shimo lingine, ni ya kuacha, hata ikiwa na sura nzuri namna gani. SoundDock ya kwanza kabisa ni ya aina hiyo. Yenye shimo duara la nyuma, la waya wa kawaida wa milimita 3.5, ni habari nyingine, maana inakubali telefone yoyote yenye shimo la masikioni, na hata televizyo. SoundDock Series II na SoundDock Portable zina shimo hilo, na iPod Hi-Fi pia. Portable ina betri yake, ila betri ya miaka mingi haina ahadi. Kuna pia vipande vidogo vya Bluetooth vyenye kuvalishwa juu ya ulimi wa vipini 30, lakini si kila bafle inavikubali.

Mbele ya kutoa pesa, ni lazima kusoma maandishi ya kisanduku cha umeme. Kikiandikwa 100-240V, kinafaa hapa. Kikiandikwa 120V tu, ni cha Marekani, na umeme wetu wa 220 utakiunguza mara moja. Kikikosekana kabisa, bei ishuke sana, kwa sababu Bose ilitumia vichwa vyake vyenyewe na si rahisi kupata kingine. Kisha munuzi alete waya na telefone yake, achague wimbo wenye besi nzito, na auache uimbe kwa sauti kubwa mpaka mwisho. Muuzaji mwenye kukataa jaribio hilo abaki na chombo chake.