Gitaa Moja kwa Vipande vya Magitaa Mengi

Remba ni kisiwa kidogo cha wavuvi katika Ziwa Victoria, upande wa Kaunti ya Homa Bay. Muziki upendwao sana pande hizo ni benga, na katika benga gitaa ndilo liongozalo. Wapigaji wa benga waliiga mapigo ya nyatiti, chombo cha Wajaluo chenye nyuzi nane, wakayatia katika gitaa. Marehemu D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati mwaka 1940 na kufariki mwaka 2006, aliueneza muziki huo mbali sana kwa bendi yake ya Shirati Jazz.

Gitaa jipya la umeme ni ghali, na si kila mvuvi au karani awezaye kulinunua. Njia moja ni kukusanya vipande vya magitaa ya zamani: shingo ya hili, mwili wa lile, na vigingi vya jingine. Kazi hiyo yawezekana, wala si ya aibu. Lakini fedha hupotea bure mtu anapotazama jina lililoandikwa juu ya kipande, asitazame kipimo chake.

Kwanza yafaa kujua gitaa hilo hufanyaje kazi. Chini ya nyuzi kuna pikapu. Si lile gari la mizigo, bali ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa katika waya, ukaenda kukuzwa katika amplifaya. Ndiyo sababu uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ambao katika nyatiti hulia vizuri, hauisikizishi pikapu neno lolote.

Sasa tuje kwenye kipimo. Pima kutoka mwanzo wa shingo, pale nyuzi zinapopita kwenye kipande cha mfupa au plastiki, hadi kwenye freti ya 12. Urefu huo ukiuzidisha mara mbili, utapata mahali pa daraja linaloshika nyuzi. Magitaa mengi ya Fender yana urefu wa milimita 648. Mengi ya Gibson yana milimita 628 hivi. Tofauti ni sentimita mbili tu, lakini ukiichukua shingo ya Gibson ukaiweka katika mwili wa Fender bila kulisogeza daraja, kila noti itakayobanwa itapotoka, hata uzi uliolegezwa ukiwa umelinganishwa sawasawa.

Kabla ya kutoboa matundu ya daraja, hakikisha hivi. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12, uupige, usikilize. Kisha ubane papo hapo, uupige tena. Sauti ya kubana ikiwa juu kuliko ile ya kwanza, uzi ni mfupi, na daraja lirudishwe nyuma kidogo. Ikiwa chini, lisogezwe mbele. Nyuzi nene huhitaji kurudishwa nyuma zaidi kuliko nyembamba. Mwili ukiuchonga mwenyewe, tumia ubao uliokauka kabisa, kama mvule, kwani ubao mbichi hupinda na kuharibu kipimo chote.

Usisahau waya wa kuunganisha daraja na upande wa ardhi wa nyaya nyingine. Bila huo gitaa huvuma kama nyuki. Tena jihadhari na amplifaya ya zamani yenye taa za kioo. Ndani yake hukaa umeme wa mamia ya volti, nao waweza kuua hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mpe fundi aijuaye kazi hiyo, wala usiiguse kwa mikono yenye maji.

Mwisho, ukiuza gitaa la namna hii, mweleze mnunuzi kila kipande kimetoka wapi. Magitaa ya zamani yaliyo kamili huuzwa kwa bei kubwa, na kuita la mchanganyiko kamili ni wizi. Gitaa lililopimwa vyema halihitaji uongo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.