Uhuru wa Mimbari na Jina la Jirani

Watumishi wa sharika za Mbagala, Bunju na kwingineko pembezoni mwa Dar es Salaam huulizwa na washarika: Je, itakuja siku mhubiri afungwe kwa kufundisha Warumi 1?

Swali hilo lina chanzo chake Sweden. Mwaka 2003 mchungaji wa Kipentekoste, Åke Green, alihubiri mjini Borgholm dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, akiyafananisha na uvimbe wa saratani katika jamii. Mwaka 2004 mahakama ya wilaya ilimhukumu kifungo cha mwezi mmoja kwa kosa la kudhalilisha kundi la watu. Wasimuliaji wengi huishia hapo. Lakini tarehe 29 Novemba 2005 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilimwachia huru, ikizingatia Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu.

Kwetu sheria imesimama kinyume. Ibara za 18 na 19 za Katiba ya 1977 zalinda maoni na imani. Ibara ya 13, inayokataza ubaguzi, haimtaji shoga. Wala haimtaji Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ijapokuwa hiyo yamtaja mwenye virusi vya UKIMWI. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu chaadhibu tendo lenyewe kwa kifungo cha maisha, au kisichopungua miaka 30. Hata Tamko la Dodoma la Januari 2010, ambalo kwalo maaskofu wa KKKT walipinga uamuzi wa Kanisa la Sweden wa kufungisha ndoa hizo, halikuzuiwa na sheria yoyote ya nchi.

Basi mimbari yetu haimo hatarini. Aliye hatarini ni yule anayetajwa. Mwishoni mwa Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwataka wananchi wampelekee majina ya mashoga, akatangaza kikosi cha kuwasaka. Tarehe 4 Novemba Serikali ilieleza kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi. Lakini kabla ya hapo watu walikwisha kujificha. Katika nyumba za kupanga za Temeke, ambamo wapangaji wengi huchangia ua mmoja, jina halihitaji ushahidi ili lisafiri.

Hapa ndipo Ibara ya 28 ya Maungamo ya Augsburg (1530) inapotuhusu, kwa kuwa yatenganisha mamlaka ya Kanisa, itendayo kazi kwa Neno pasipo nguvu za kibinadamu, na upanga wa watawala. Afundishaye Warumi 1 yumo kazini mwake (na heri afike 2:1, ambako mahubiri yetu mengi hayafiki). Lakini amtajaye msharika, au amsemaye kwa fumbo ambalo kanisa zima lalielewa, siku majina yanapokusanywa, ameazima upanga asiopewa. Nao utetezi kwamba "ni kweli" haumwokoi. Katika Katekisimo Kubwa, akiifafanua Amri ya Nane, Luther akataza kutangaza hata dhambi ya kweli iliyo ya siri, asipokuwapo mwenye wajibu wa kuihukumu. Huturudisha kwenye Mathayo 18:15, kwa mtu mwenyewe, faraghani.

Lipo jambo gumu zaidi. Kijana amekuja kuungama Jumamosi jioni. Jumatatu mjumbe wa mtaa, naye mzee wa kanisa, aja ofisini kuuliza habari zake. Mchungaji atamwambia nini? Siri ya maungamo haina kipengele kinachomtoa kijana huyu.