Mbio za magari juu ya mbao mbili

Kampala haijawahi kukosa wapenzi wa mbio za magari. Mashindano ya kwanza ya Safari, mwaka 1953, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, aliyeyashinda mara tano kati ya 1973 na 1982, alizaliwa Uganda. Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1999, na mwaka 2011 Susan Muwonge akawa mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa taifa. Lakini kwa watu wengi mapenzi hayo huishia kando ya barabara, vumbi usoni. Gari la mashindano, matairi yake na fundi wake ni mambo ya mwenye fedha au mwenye mdhamini.

Upo mchezo mwingine wa mbio, mdogo kiasi cha kuenea mezani, ambao Ulaya na Marekani umeishi katika magereji na kumbi za mitaa kwa zaidi ya miaka 60. Ni mbio za magari ya mfuo. Kigari cha umeme, mara nyingi chenye ukubwa wa 1/32 ya gari halisi, huwekwa juu ya njia iliyochongwa mfuo mwembamba. Chini ya pua yake kuna ulimi unaoingia katika mfuo huo, na kila upande wa ulimi kuna kishungi cha nyuzi za shaba kinachogusa mstari wa umeme. Dereva amesimama kando, mkononi ana kidhibiti chenye kifyatulio. Akikibana, gari linakimbia. Akikiachia, linapunguza mwendo.

Usukani hakuna. Mgeni hudhani kwa hiyo mchezo ni wa watoto wadogo, mpaka afike kona ya kwanza. Aliyebana mno huliona gari lake likichomoka mfuoni na kuangukia sakafuni.

Mwingereza Fred Francis, aliyekuwa akitengeneza vigari vya bati, ndiye aliyeupa mchezo huu jina madukani mwaka 1957 kwa chapa ya Scalextric. Miaka ya 1960 ulivuma sana Marekani, zikafunguliwa kumbi za kukodi njia. Muongo ulipokwisha nyingi zilikuwa zimefungwa. Waliobaki ni wanaklabu, na wengi wao hawakuridhika na vipande vya plastiki vya dukani, ambavyo maungio yake hulegea na kukata umeme. Walijichongea njia zao.

Hapo ndipo Kampala ingeweza kuingia bila kuomba ruhusa ya mtu. Njia ya kujitengenezea ni kazi ya seremala na fundi umeme. Mbao mbili za MDF, kila moja futi 8 kwa 4, zikiunganishwa zinatosha njia ya magari mawili yenye kona za kumtoa mtu jasho. Mfuo huwa na upana wa milimita 3 hivi na kina cha milimita 6 au 7. Kati ya mfuo na mwenzake huachwa sentimita 9 au 10 ili magari yasigongane ovyo. Kandokando ya kila mfuo hubandikwa utepe wa shaba. Mbao na maseremala wapo Ndeeba. Soko la Kisekka, wanakonunua vipuri watu wa magari makubwa, lina waya, fyuzi na betri. Mafundi wa Katwe, wanaounda majiko na mashine kwa vyuma chakavu, hawatashindwa na fremu ya meza.

Shaba ina jambo lake. Njia nyingi za plastiki zina reli za chuma, na magari yake hufungwa sumaku tumboni inayoyang'ang'aniza chini; mtu anaweza kupita kona kwa kasi ya kichaa bila adhabu. Sumaku hainasi shaba. Kwenye njia ya mbao gari hushikiliwa na uzito wake na mpira wa matairi tu, hivyo mkia huteleza kama wa gari la mbio juu ya murram. Ndiyo maana wazoefu wengi huing'oa sumaku na kuitupa. Huo ndio mchezo wenyewe. Ule wa sumaku ni kama kupanda baiskeli iliyofungwa ukutani.

Umeme ukikatika? Magari haya hutumia mkondo mnyoofu wa volti 12 hivi, yaani betri ya kawaida ya gari inatosha. Hata kumbi za kibiashara zilitumia betri kwa sababu umeme wake hautikisiki magari mengi yanapoondoka pamoja. Cha lazima ni fyuzi, maana betri ya gari ikipigwa shoti huyeyusha waya.

Kinachobaki ni magari, na hapo gharama ipo: mota, ulimi na vishungi vizuri huagizwa nje. Bodi si lazima. Watoto wa Afrika Mashariki wanaunda magari ya waya tangu zamani, matairi ya ndala zilizokatwa, na huyasukuma kwenye barabara hizohizo wanazopita bodaboda. Mtoto anayeweza kukunja waya ukawa Pajero anaweza kukata kopo la soda likawa Subaru. Mezani, angalau, hatagongwa na mtu.

Klabu huhitaji kanuni chache. Katika njia ya duara mfuo wa ndani ni mfupi, kwa hiyo kila dereva hukimbia katika mifuo yote kwa zamu, mizunguko yake ikajumlishwa. Wengine huijenga njia kwa umbo la nane, yenye daraja, ili urefu ulingane. Wasiokimbia raundi hiyo hawakai chini. Kila mmoja hupewa kona yake, na kazi yake ni kuokota gari lililoruka na kulirudisha mfuoni upesi, hata likiwa la mtu aliyemshinda dakika tano zilizopita. Katika baadhi ya klabu, anayekwepa kusimama kona hukatwa mizunguko.