Barua Elfu kwa Mkono wa Mashine

Kwihara, karibu na mji wa Tabora, ipo nyumba ya makumbusho mahali palipokuwa na tembe walimokaa Stanley na Livingstone. Apitaye huko na akumbuke habari ya mfuko mmoja wa barua. Mfuko huo, ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, ulitoka Unguja kumwendea Livingstone. Mwaka 1871 Stanley aliukuta Unyanyembe ungali umelala, akauchukua hadi Ujiji. Barua zile zilikaa njiani mwaka mzima.

Miaka 100 baadaye, mwaka 1971, Bwana Ray Tomlinson wa Marekani alipeleka barua pepe ya kwanza kwa mtandao toka kompyuta moja hadi nyingine. Viambatisho vya picha na sauti vilingoja hadi Machi 1992, Bwana Nathaniel Borenstein alipovituma kwa utaratibu utumikao hata leo. Sasa karani mmoja wa Tabora aweza kupeleka barua 1,000 kabla ya chai ya saa nne, kila barua ikiwa na jina la mwenyewe na hati yake.

Yafaa tuieleze kazi hii, maana wako waionao kama uganga. Tuseme chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku chataka kumpelekea kila mwanachama hesabu yake ya msimu. Karani huandika jedwali: safu ya majina, ya namba za uanachama, ya anwani, na ya majina ya faili. Kisha hutunga barua moja tu, akiacha nafasi ya jina. Programu hupita mstari kwa mstari, ikijaza jina, ikibandika faili na kutuma. Jina likikosekana, mtu hupokea salamu ya “Ndugu JINA”. Hapo ndipo ajuapo kwamba aliyemwita ndugu hakuwa mtu.

Hilo ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni hili: karani akiipanga safu ya majina na anwani kwa alfabeti, akasahau safu ya faili, kila mwanachama atapata hesabu ya mwenziwe. Mashine haitashtuka. Asubuhi mkulima afungua barua, aona deni la pembejeo la jirani. Jioni kijiji kizima kimekwisha kujua. Barua iliyokwenda hairudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, humdai mwenye kutunza habari za watu azilinde. Haisemi kwamba kosa la jedwali ni dogo.

Tena, programu nyingi za namna hii zilitengenezwa kwa matangazo ya biashara. Tabia ya kuwamwagia watu matangazo si ya jana: mwaka 1978 Bwana Gary Thuerk alilipeleka tangazo moja la kompyuta kwa watu wapatao 400, wakakasirika. Baadhi ya programu hizo, kama Mailchimp, hazipokei kiambatisho. Hutoa kiungo cha faili, na kiungo hicho kwa kawaida ni kimoja kwa wote. Kwa tangazo la mkutano chafaa. Kwa hati ya mshahara hakifai kabisa. Na katika Gmail ya kawaida viambatisho vya barua moja haviruhusiwi kuzidi megabaiti 25.

Kwa hiyo karani na aziite faili kwa namba ya uanachama, si kwa jina, kwani akina Juma ni wengi. Atume kwanza tatu kwa anwani za ofisi, na kila kiambatisho kifunguliwe na mtu wa pili. Mwisho wa barua liandikwe jina la ofisa na namba yake ya simu. Barua nyingi za mashine hutoka kwenye anwani isiyopokea majibu. Sasa mkulima mwenye swali juu ya kilo zake amwandikie nani?